Walianza na Kurudi

Karatasi waliyonipa ilikuwa na kurasa tano, na nilizisoma zote. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa huku wanapenda kusema nilipatikana kwa kutosoma. Nilimaliza darasa la saba, na barua za majirani wangu wawili watatu nimeziandika mimi kwa mkono huu. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni, vidole bado vina udongo, nikapitia kila mstari huku yule mwanamke wa filamu amesimama ananingoja, akijipepea kwa daftari lake.

Ukurasa wa nne ulikuwa na orodha ya siku. Siku ya kwanza: onyesho la thelathini na nane, baba anarudi. Siku ya pili: onyesho la thelathini na tisa, baba na mtoto wanafyatua matofali. Ikashuka hivyo hivyo mpaka siku ya kumi: onyesho la nne, baba anaondoka. Niliona namba zimekaa kichwa chini miguu juu. Nikajiambia aliyepiga chapa amekosea, au labda ndivyo wanavyohesabu wenyewe. Nilitaka kuuliza. Lakini nilikuwa nimeshamwambia yule mwanamke kwamba mimi nasoma mwenyewe, sisomewi, na mtu akishajisifu kusoma huona haya kuuliza alichosoma. Nikatia saini.

Haya nayaandika kwa ajili ya mzazi mwenzangu ambaye kesho au keshokutwa watu kama wale watamgongea mlango. Si watu wabaya. Laiti wangekuwa wabaya, ningekuwa na pa kuitua lawama nikapumzika.

Kazi yangu ni matofali. Asubuhi nakanyaga udongo na maji mpaka unalainika kama unga wa mkate, naushindilia kwenye kalibu ya mbao, naupindua chini, nanyanyua kalibu, tofali limebaki. Halafu jingine. Siku ya tatu yanageuzwa yakauke upande wa pili, yakikauka yanapangwa tanuri na kuchomwa. Mgongo wangu uliacha kuuma zamani, sasa umekuwa kitu cha kubeba tu kama vile vingine. Nyumbani niko na mama yangu mzazi, ambaye magoti yamemgomea lakini ulimi bado uko kazini, na binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka tisa. Tulimwita Chiriku kwa wingi wa maneno. Yule mtoto angeweza kulisemesha tofali mpaka likamjibu.

Baba yake aliondoka mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu, akaenda kutafuta kazi ya kiwandani. Alituma salamu mara mbili. Mara ya tatu salamu zilikuja bila yeye kuzituma: dereva wa lori linalochukua matofali yangu alimkuta huko, ana mke, ana watoto wawili, ana kibanda cha kuuza mkaa, na amenenepa. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya filamu. Mama nilimwambia. Chiriku sikumwambia. Kila alipouliza nilijibu kwamba baba yuko kazini, kazi ikiisha atarudi. Mara ya kwanza nilisema hivyo kwa sababu alikuwa mdogo. Mara zilizofuata nilisema kwa sababu nilikuwa nimeshasema.

Wale watu walikuja kutafuta uwanja wenye tanuri, wakaondoka wamepata na mtoto. Mwongozaji wao, yule mwanamke, alikuwa haivui kofia hata akila, na ndani ya siku mbili kila mtu alikuwa anamwita Bi Kofia, yeye mwenyewe akaitika. Alikaa na Chiriku kwenye rundo la matofali mabichi akamsikiliza kama saa nzima. Kisha akaja kunieleza hadithi. Kuna mtoto wa mfyatua matofali. Baba yake anaondoka kutafuta kazi, mtoto anabaki na bibi yake, anajifunza kufyatua, anakomaa, na baba anaporudi anamkuta si mtoto tena. Mama wa mtoto hayumo, amekufa.

"Ni hadithi ya mtoto anavyokua," Bi Kofia akasema.

"Kwetu hiyo si filamu," mama yangu akamjibu kutoka mlangoni. "Hiyo ni salamu za asubuhi." Kisha akanigeukia. "Na wewe wamekuzika bila hata kuuliza ulikuwa unaumwa nini."

Mama naye walimchukua. Wakamwambia akae pale pale mlangoni, awe bibi wa mtoto, asiseme neno. Kukaa aliweza.

Siku hiyo Bi Kofia aliniuliza maswali mawili, na nikiyakumbuka ndipo ninapoona mlango niliopaswa kuufunga.

"Baba yake mtoto yuko?"

"Hayuko."

"Lakini mtoto anamkumbuka?"

"Hata sura haijui."

"Vizuri," akasema, akaandika kwenye daftari lake.

Hilo "vizuri" nililisikia vizuri mno. Lakini nilikuwa na matofali elfu mbili ya kugeuza kabla mvua haijaja, na yeye alikuwa mpole, na Chiriku alikuwa anarukaruka uwanjani akimwambia kila kuku kwamba yeye sasa ni mwigizaji.

Bi Kofia alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na hakunificha. Mtoto asiambiwe jina la mwigizaji atakayekuwa baba. Amwite Baba, kamera iwe inafanya kazi au imezimwa. Wale chakula pamoja, washike udongo pamoja, ili wakipigwa picha ugeni usionekane. Akaniuliza kama nina neno. Nikasema sina.

Siku ya kwanza ndipo nilipouliza, tena si yeye, nilimwuliza binti wa nguo. Alikuwa amepiga magoti mbele ya Chiriku anamfunga gauni lililombana makusudi, fupi, ili aonekane amekua nalo.

"Mbona mnaanza na kurudi? Mtu anarudije hajaondoka?"

"Nywele, mama," akasema, pini ziko mdomoni. "Baba akirudi, mtoto ana nywele. Akiondoka, mtoto ana kipara, bado mdogo. Nywele tunaweza kuzinyoa dakika tano. Kuziotesha hatuwezi. Kwa hiyo tunapiga za nywele kwanza, tunanyoa, halafu tunapiga za mwanzo. Watazipanga wenyewe huko mbele."

Nikaona ni akili. Nikacheka, hata nikamweleza mama, naye akasema, "Kumbe na wao hugeuza, kama matofali yako."

Chiriku hawakumwonyesha yule mwanamume kabla. Walimwambia tu kwamba baba atatokea nyuma ya tanuri, na wewe fanya utakavyo. Akawa anajaza kalibu. Mtu mmoja mrefu akatokea, begi begani, vumbi hadi magotini, akasimama. Akasema, "Chiriku." Walikuwa wamemwambia alitumie jina hilo hilo la nyumbani. Mwanangu akainua kichwa. Nilidhani ataona haya, kwa kuwa wageni huwa anawaonea haya dakika moja ya mwanzo. Aliangusha kalibu na tofali ndani yake, akakimbia, akamrukia yule mtu kiunoni kama paka aliyeona samaki, akamng'ang'ania akicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Walipiga mara moja tu. Bi Kofia akasema imetosha, akavua kofia, na hiyo ndiyo siku pekee niliyokiona kichwa chake.

Yule mwigizaji alikuwa mtu mzima mwenye mvi chache na macho yaliyochoka kama yangu. Aliniita shemeji tangu siku ya kwanza.

"Shemeji wa wapi?" mama akamwuliza. "Katika hii filamu yenu wewe ndiye mume, na mkeo ni marehemu. Msalimie vizuri, si kila siku mtu anasalimiana na mkewe aliyekwisha kuzikwa."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kwa siku tisa alikuwa kwetu kuanzia asubuhi mpaka jua linapoinama, halafu anakwenda kulala na wenzake katika majengo ya shule. Kazi ya udongo hakuijua. Chiriku akamfundisha, kamera ikiwapo na isipokuwapo.

"Baba, hilo tofali lako lina tumbo."

"Ni mjamzito. Litazaa vigae."

"Halizai. Litapasuka tanurini liwapasue na wenzake. Bomoa."

"Sasa nikibomoa kila moja nitajenga lini?"

"Hujengi wewe. Wewe unafyatua. Wanaojenga ni wengine."

Akabomoa. Nilikuwa upande wa pili nageuza yangu, nikisikia sauti ya mwanamume ikichekeshwa na mwanangu, na sitasema uongo, ilinipumzisha. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kulikuwa na mikono mingine ya kubeba maji. Nilipumzika, na hilo pia liandikwe upande wangu.

Siku ya sita nilikwenda bombani na ndoo mbili. Wasichana wa rika lake walikuwa kwenye foleni, na Chiriku katikati, ananipa mgongo. Nikamsikia akiwaambia, bila majivuno, kama mtu anayetoa taarifa:

"Kazi imeisha, amerudi."

Ni maneno yangu yale. Niliyashona mimi miaka saba, na mtoto ameyavaa. Niliteka maji yangu. Njiani tukirudi naye nikamwuliza.

"Unajua yule ni mwigizaji?"

"Najua."

"Maana yake unaijua?"

"Najua, mama. Anaambiwa cha kufanya, anafanya." Akatembea hatua kadhaa. "Lakini mimi pia ni mwigizaji. Na bibi. Na bibi bado ni bibi yangu."

Mzazi mwenzangu, hapo ndipo ningesimama njiani, niweke ndoo chini, nimwambie. Ningesema: huyo si yeye, na yeye mwenyewe hatakuja, na nimekudanganya kwa kuwa sikujua la kusema. Ni sentensi tatu. Ndoo zilikuwa zimejaa, mabega yananiwaka moto, na mbele kulikuwa na mlima. Nikasema, "Ongeza mwendo, jua linazama."

Siku ya tisa jioni wakasema nimnyoe mwenyewe, wakipiga picha mikono yangu tu, kwa sababu mimi ni marehemu. Nikamkalisha mlangoni, nikamnyoa kwa wembe na maji ya sabuni. Nywele zikamwangukia mapajani. Alikuwa amefurahi. Mama akamwambia sasa kichwa chake kimekuwa kama yai la bata, asikae karibu na kuku watamlalia.

Yule mwigizaji alikuja akachuchumaa karibu nami wakati nasafisha wembe. Kamera ilikuwa imezimwa.

"Shemeji, kesho ni siku ya kuondoka."

"Najua. Niliisoma kwenye karatasi."

"Nakuomba umwambie leo. Kwamba nikimaliza nakwenda kwangu, nina familia yangu, na sitakuwa hapa tena. Mtoto akiambiwa hucheza vile vile. Mimi nimefanya kazi na watoto." Akageuka kuwatazama wenzake. "Bi Kofia hapendi wakiambiwa. Lakini wewe ndiye mama."

Nikamwambia nitamwambia. Nikampikia mtoto, nikampaka mafuta kichwani, nikalala.

Siku ya kumi waliweka kamera karibu na tanuri, inatazama njia. Onyesho lenyewe ni dogo. Baba anamshika mtoto kichwani, anachukua begi, anakwenda. Mtoto anamfuata mpaka kwenye rundo la matofali, anasimama hapo, anatazama mpaka baba anapotelea kwenye kona penye ukuta wa zizi. Basi. Alie kama atalia, asilie kama hatalia, lakini Bi Kofia alitaka uso wenye kitu ndani yake.

Uso wa Chiriku haukuwa na kitu isipokuwa raha. Baba alikwenda mpaka kona, wakasema kata, baba akarudi kuanza upya. Akaenda tena, kata, akarudi. Mtoto yeyote angefanyaje? Kila akiondoka anarudi. Mara ya nne Chiriku alikuwa anampungia mkono, mara ya tano akamfanyia ulimi, mara ya sita akamwambia, "Baba, ukirudi safari hii niletee kokoto kule kwenye kona," na kweli akamletea, na kamera ilikuwa bado inafanya kazi. Watu wote wakacheka isipokuwa Bi Kofia na mimi.

Jua lilikuwa linakaribia mahali wanapolitaka. Bi Kofia alimwita mwigizaji pembeni, wakaongea kwa kunong'ona, mwigizaji akatikisa kichwa, akatikisa tena, mwisho akaacha kutikisa. Kisha Bi Kofia akanijia. Alinishika mkono. 

"Mama Chiriku, mara hii hatarudi. Gari linamngoja nyuma ya ukuta. Atapanda, ataondoka. Kamera itabaki kwa mtoto. Nakuomba usimwambie. Ni dakika chache, halafu imekwisha, tunawaacha mpumzike."

Nilimtazama mwanangu, kichwa chake kinang'aa, gauni kubwa la kumfanya aonekane mdogo linaburuta chini, kokoto mkononi. Kati yetu palikuwa na hatua kama kumi na tano. Sauti yangu ingefika bila kuinuliwa. Nilifikiri: leo ndiyo mwisho, wakiondoka nitamwambia yote, polepole, tukiwa wenyewe. Nilifikiri pia kwamba nikisema sasa itabidi warudie kesho, na kesho ilikuwa siku ya kuwasha tanuri. Mambo yote mawili niliyafikiri kwa uzito sawa. Nikaitikia kwa kichwa.

Mwigizaji akamshika kichwa. Hakufanya haraka. Akaniangalia mimi, mara moja, akaniona nimesimama pale na mikono imeshikana tumboni, akajua sikumwambia. Akachukua begi akaenda. Chiriku akamfuata mpaka kwenye rundo. Baba akapotea kwenye kona.

Hakuna aliyesema kata.

Mwanzoni alikuwa anatabasamu, anangoja kichwa kichomoze ukutani. Halafu akainuka kwa vidole vya miguu. Tukasikia gari linawaka, likaondoka, sauti ikapungua ikawa kama nzi, ikaisha. Akageuka kidogo kumtazama Bi Kofia kuona kama kuna kosa, kama ni yeye aliyekosea. Hakuna aliyemjibu. Akarudisha macho njiani. Kuna kitu kilimshuka usoni kikaenda chini mpaka mabegani, na mabega yakashuka, na akabaki amesimama hivyo, kama mtu mzima aliyengoja dirishani akaambiwa ofisi imefungwa. Hakulia. Nilihesabu pumzi zangu, nikapoteza hesabu. Mama yangu pale mlangoni, ambaye siku kumi hakutoa neno mbele ya kamera, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Inatosha sasa."

Bi Kofia akasema kata. Wanasema sauti ya mama waliifuta.

Walianza kukunja nyaya na kubeba vyuma vyao. Binti wa nguo alikwenda kumvua gauni, Chiriku akakataa kuondoka pale kwenye rundo. Nikaenda mimi. Nikakaa kwenye matofali karibu naye.

"Amekwenda kwao," nikasema. "Kazi yake imeisha."

"Si atarudi aanze tena?"

"Hawaanzi tena. Ilikuwa ya mwisho."

Akafikiri. "Lakini kurudi kwake tumeshakupiga picha. Siku ya kwanza. Sasa atarudi kwenye onyesho lipi?"

Nikampangusa vumbi kichwani, naye akauliza tena:

"Ulikuwa unajua hatarudi kwenye kona?"

Ningeweza kusema sikujua. Ulimi wangu ulikuwa umeshauzoea mwendo huo. Lakini alikuwa ananitazama kwa uso ule ule waliokuwa wanautafuta tangu asubuhi.

"Nilikuwa najua."

"Na yule mwingine? Wangu?"

"Na yeye hatarudi. Ana watu wake huko."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa na miaka mitano."

Akahesabu kwa vidole, nikamwona. Alipofika akafunga mkono. "Wote wawili ulijua," akasema, hakuwa ananiuliza. Akavua gauni la watu, akalikunja, akalipeleka mwenyewe garini akiwa na shimizi, akaingia ndani akalala na jua bado liko nje.

Tanuri niliwasha kesho yake. Likachoma vizuri. Malipo yalikuwa ya haki, sina la kulalamika huko.

Maneno hayakumwishia mtoto, msije mkadhani alikuwa bubu kama kwenye hadithi. Shuleni aliongea, na bibi yake waliongea. Kwangu alikuwa ananijibu. Nikimwuliza, anajibu, kwa adabu, kama unavyomjibu mwalimu wa darasa lingine. Na akaanza tabia moja. Kila ninapotoka, hata kwenda dukani kununua chumvi, anauliza, "Unarudi saa ngapi?" Nikisema saa kumi anatazama saa ya ukutani. Nikirudi saa kumi na nusu hasemi kitu, anaiangalia ile saa kisha ananiangalia mimi. Kwa hiyo nimejifunza kurudi. Nimewahi kuacha udongo uliokanyagwa tayari, ukakauka shimoni, kazi ya asubuhi nzima, kwa sababu nilisema saa sita na ilikuwa inakaribia saa sita. Mama, pale mlangoni, aliniona nakuja mbio na mguu mmoja una kiatu. "Nani kafa?" akauliza. Nikamwambia ni saa sita. Akanipisha.

Baada ya mwaka na miezi waliileta filamu. Walitundika shuka darasani mchana, wakaziba madirisha kwa magunia, kijiji kizima kikajibana humo na watoto mapajani. Nilimwambia Chiriku si lazima. Alisema atakwenda. Alikuwa na kumi na moja sasa, miguu mirefu, akakaa kando yangu mwisho wa benchi.

Waliipanga kama alivyosema binti wa nguo. Kila kitu kilikuwa kimenyooka. Kipara kikaja kwanza. Mikono yangu ikaonekana na wembe, mwanamke mmoja akasema, "Mikono ya nani ile imechakaa hivyo," na nikaiweka chini ya khanga. Kisha baba akaondoka. Wakaonyesha kungoja kote, hawakukata hata kidogo. Nyuma yangu jirani akapenga kamasi, akasema, "Huyu mtoto anajua kuigiza, jamani." Wengine wakaitikia. Mwongo mkubwa ukumbini nilikuwa mimi, na nilibaki nimekaa, natazama mbele.

Chiriku hakutazama pembeni. Akatazama mpaka ikapita, akatazama anavyojifunza udongo, anavyokua, nywele zinavyorudi. Walikuwa wamemtia nywele za bandia hapa na pale na hakuna aliyegundua. Kisha likatokea lile gauni fupi, na kalibu, na tanuri nyuma yake. Watu wakaanza kunong'onezana kwa furaha, anakuja, anakuja.

Akasimama. "Twende, mama."

Tukapita juu ya miguu ya watu. Tulipofika nje jua lilitupiga machoni. Nyuma yetu darasa likapasuka kwa vigelegele, nikajua kwamba yule mtu ametokea na begi lake.

Tulitembea mpaka karibu na bomba ndipo akaongea.

"Pale anaporudi hajui kama aliondoka," akasema. "Alikuwa hajaondoka bado. Ndiyo maana anacheka."

"Ni kweli."

"Na mimi nacheka. Sitaki kujiona ninavyocheka pale."

Nilitaka kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeshamwomba mara nyingi mwaka ule, na kila mara aliniambia haya, mama, akaendelea na kazi yake, na niliona kwamba kumwomba tena ni kumpa mzigo mwingine abebe. Nikamwuliza kama ana kiu. Akasema hana.

Nyumbani mama alikuwa mlangoni, alikataa kwenda kujitazama akiwa bubu. Akauliza inaishaje. Chiriku akamwambia hatukufika mwisho. Akabadili nguo, akachukua mstari wa kwanza, mimi nikachukua wa pili, na tukayageuza matofali ya juzi, moja moja, upande ambao haujapata jua.